Rangi ya kuchorea ipo shambani

Usiache kuchora kwa kukosa hela ya rangi. Huku Newala udongo mwekundu tunaukanyaga kila siku: uponde, uchekeche kwa kipande cha kanga kuukuu mpaka ubaki vumbi laini. Bandua gundi iliyoganda kwenye shina la mkorosho, iloweke usiku kucha, ichuje, kisha ukoroge na ule udongo hadi uwe mzito kama uji. Ukitaka nyeusi, saga mkaa. Maganda ya korosho usiyaguse kabisa, mafuta yake yanababua ngozi! Chora kwenye boksi, au bora zaidi ukuta wa barazani, wapita njia wote wafaidi. Subiri kiangazi tu, maana rangi hii mvua inaiosha.