Kuhakiki Jibu la Fumbo la Hesabu: Tazama Tendo Kwanza

Mtoto akikuletea daftari umtazamie mafumbo aliyopewa skuli, usikimbilie kuangalia kama amejumlisha au ametoa sawasawa. Mara nyingi hesabu yenyewe haina kasoro. Kilichoharibika ni tendo alilolichagua, ndiyo maana jibu huwa sahihi kwa swali ambalo halikuulizwa.

Lugha yetu nayo ina mitego yake, kwani "kuzidi" ni ndugu wa "kuzidisha", na "kugawia" ni ndugu wa "kugawanya". Chukua fumbo hili: Asha amechuma pishi 24 za karafuu, naye amemzidi Juma kwa pishi 6, je, Juma amechuma pishi ngapi? Yuko atakayeandika 144 kwa kuwa ameona neno "amemzidi" akazidisha, na yuko atakayejumlisha apate 30. Kabla ya kugusa kalamu, muulize mtoto ni nani mwenye nyingi. Akishajibu kuwa ni Asha, ameshajua kwamba jibu lazima liwe chini ya 24, na tendo linalobaki ni kutoa: 24 − 6 = 18. Kisha arudi kinyume, 18 + 6 = 24.

Hata hivyo, kurudi kinyume peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wazazi wengi tunapodanganyika. Bibi aliwagawia wajukuu wake 5 maembe, kila mmoja akapata 15. Aligawa maembe mangapi kwa jumla? Mtoto akiandika 15 ÷ 5 = 3, kisha akahakiki kwa 3 × 5 = 15, atakuona umetulia na yeye atatulia, kumbe wote wawili mmekosea. Kinyume kimethibitisha kwamba amegawanya vizuri, hakikuthibitisha kwamba alipaswa kugawanya. Dawa yake ni kulirudisha jibu ndani ya kisa na kukisoma kwa sauti: "Bibi aligawa maembe 3, na kila mjukuu akapata 15." Mwenyewe atacheka. Tendo ni kuzidisha, 15 × 5 = 75.

Fumbo lenye hatua mbili lisomwe kipande kipande. Mapakacha 7 yana machungwa 20 kila moja, na machungwa 15 yameoza. Mazima ni mangapi? Kwanza tafuta jumla, 140, ndipo utoe yaliyooza, yabaki 125. MAGAZIJUTO (mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa), ambayo watoto huikariri kama wimbo, hupanga tu utaratibu wa matendo yaliyokwisha kuandikwa na haimchagulii mtu tendo.

Mwisho ni mafumbo yenye baki, ambayo hata tendo likiwa sahihi jibu huweza kupotea. Wanafunzi 50 wanakwenda kisiwa cha Misali kwa boti inayochukua abiria 12 kwa safari moja. Boti itakwenda safari ngapi? Kugawanya ndiko kunakotakiwa, na 50 ÷ 12 ni 4, baki 2. Anayeandika "safari 4" amewaacha watoto wawili ufukweni, na anayeandika "safari 4 na baki 2" hajajibu alichoulizwa. Kwa hiyo mwambie aandike jibu kwa sentensi nzima, kwa kutumia maneno ya swali lenyewe: "Boti itakwenda safari 5."