Kabla hujasema kitu hakivutwi na sumaku, hesabu elektroni zisizo na mwenza

Jamani wanaosoma kemia, hii itawaokolea muda. Elektroni isiyo na mwenza ndo inafanya kitu kivutwe na sumaku. Ukipewa molekyuli, hesabu kwanza elektroni zote, jumla ikiwa namba witiri basi lazima kuna moja imebaki bila mwenza, haina ujanja. Mfano nitrojeni monoksaidi, 7 za nitrojeni na 8 za oksijeni unapata 15, kwa hiyo inavutwa na sumaku, japo kidogo, na ndo maana pia inapenda sana kureact, elektroni pweke inatafuta mwenzake.

Ila jumla ikiwa shufwa usikimbilie kusema zote zimepata wenza! Oksijeni tunayovuta ina 16 lakini mbili ziko pweke, kila moja kwenye obitali yake (chumba cha elektroni, hakibebi zaidi ya mbili), na ukimimina oksijeni ya kimiminika katikati ya ncha za sumaku kali inanasa pale pale, kitu kizuri mno kukiona.

Kwenye ioni za metali (atomu zilizopoteza elektroni) ndo wengi wanapotea. Unatoa elektroni za 4s KWANZA, za 3d baadaye (4s na 3d ni majina ya makundi ya obitali). Chuma (Fe) ni 3d6 4s2, yaani sita kwenye 3d na mbili kwenye 4s, Fe³⁺ iliyopoteza tatu inabaki 3d5, yaani tano pweke, wakati ya zinki, Zn²⁺, ni 3d10, hakuna hata moja. Halafu angalia na kilichoizunguka ioni, sayanaidi inazilazimisha elektroni kukaa wawili wawili, Fe²⁺ ikiwa na sayanaidi sita haina pweke hata moja ila ikiwa na maji sita inazo nne.