Kupima kama shule ya awali imemwongezea mtoto kitu

Mtoto wa miaka minne akishinda nyumbani mwaka mzima bado anajifunza. Kwa hiyo kumpima Januari, kisha Novemba ukakuta amepanda, si ushahidi juu ya shule. Tunatafuta kilichozidi ukuaji wa kawaida.

1. Makundi kwanza. Utafiti wa shule za awali za Madrasa (mpango wa shule za jamii za Kiislamu Kenya, Uganda na Zanzibar) uliochapishwa 2008 ulikuwa na matatu: watoto wa Madrasa, wa shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani. Hilo la pili wengi hulisahau, na ndilo linaloonesha kama faida ni ya programu yako au ya kwenda shule yoyote ile. Andika umri kwa miezi (kadi ya kliniki, si kumbukumbu ya bibi) na elimu ya mama.

2. Zana, yaani maswali ya kumpimia. Dakika 20 kwa mtoto, kwa lugha ya nyumbani kwake. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, maana watu hupima nyimbo. Mtoto ataimba "a, e, i, o, u" bila kosa. Mwoneshe u peke yake, anaanza tena kutoka a. Atahesabu mpaka 20. Mwambie "nipe vizibo saba", anakukabidhi konzi nzima. Uliza hayo. Na yawemo magumu: zana ikiwa nyepesi, duru ya pili (kipimo cha Novemba) wote wanapata alama zote na tofauti inafichika.

3. Idadi. Watoto wa darasa moja hufanana, kwa hiyo kila anayeongezwa hapo anakupa habari kidogo. Shule 10 zenye watoto 20 kila moja, kiwango cha kufanana (0 hawafanani, 1 ni sawasawa) kikiwa 0.2: 200 ÷ (1 + 19 × 0.2), ni kama umepima watoto 42 tu wasiofanana. Shule 40 zenye watoto 5: 200 ÷ 1.8 = 111. Nauli itauma, lipa.

4. Hesabu. Wa shule wametoka alama 8 hadi 17, wa nyumbani 7 hadi 13. Ongezeko 9 toa 6 ni 3. Gawa kwa mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) wa duru ya kwanza, tuseme 6: athari ni 0.5, yaani nusu ya mchepuko huo.

Maswali

– Mwalimu wa darasa apime? Watoto wamemzoea.
– Hapana, ndugu. Macho yake yatatangulia kwenye jibu. Amlete mtoto, amkalishe, atoke.

– Mwalimu, duru ya pili nimepata 31 tu kati ya 45 wa nyumbani. Niendelee nao?
– Linganisha kwanza alama za mwanzo za waliopotea na waliobaki. Mara nyingi wameandikishwa shule katikati ya mwaka. Wafuate huko, wapime, andika tarehe walipoanza. Ukiwafuta, unabaki na wale ambao wazazi wameshindwa kabisa kuwapeleka, na shule yako itang'aa bure.

– Mtoto akilia je?
– Acha, rudi kesho. Usimwandikie sifuri, sifuri ni ya aliyejaribu akakosa.