Kujenga Meza Imara ya Mashine Ndogo ya Kukereza Chuma

Mashine ndogo ya kukereza chuma, ile inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga, yenye uzito wa kilo 40 hadi 150, haina miguu yake yenyewe, na kwa sababu hiyo meza inayoibeba huwa sehemu ya mashine. Wengi hudhani kwamba meza nzito inatosha. Uzito unasaidia kweli, lakini adui mkubwa ni kupinda: kitanda cha mashine ya ukubwa huu, yaani mwili wake mrefu wa chini unaobeba sehemu nyingine, kikikazwa kwa bolti juu ya meza iliyopinda, nacho hupinda, na kipande unachokereza hutoka kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili, hata kisu kiwe kikali namna gani.

Anza kwa kupima kimo. Simama ukiwa umevaa viatu vyako vya kazi, kunja mkono, kisha mwenzako apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko chako. Kitovu cha kishikio chenye taya, kile kinachobana kipande na kukizungusha, kinapaswa kuwa sawa na kiwiko au chini yake kidogo. Kiwiko kikiwa na sentimita 105, na kitovu kikiwa sentimita 22 juu ya nyayo za mashine (sehemu zake za chini zinazokaa juu ya meza), uso wa meza utakuwa na sentimita 83. Urefu wa meza uzidi mashine kwa sentimita 30 kila upande, na upande wa kushoto usigusane na ukuta, kwa kuwa vyuma virefu hupitishwa katika tundu la mhimili unaozungusha kishikio na kutokea huko.

Hapa Lubumbashi nashauri fremu iwe ya chuma. Mbao ngumu ni nzuri, ila kiangazi chetu cha kuanzia Mei hadi Septemba huzikausha, halafu mvua za Novemba huzivimbisha tena, na ubao mpana ukijikunja chini ya mashine husogeza nyayo zake. Bomba la mraba la milimita 60 lenye unene wa milimita 3 linafaa kwa miguu na kwa mihimili yote. Ukinunua chuma chakavu, vuta uzi kuanzia ncha moja hadi nyingine na utazame kama kimenyooka, kwani bomba lililopinda halitengenezeki kwa nyundo ya karakana.

Kuchomelea ndiko kunakoharibu meza nyingi. Chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hujivuta kuelekea upande uliochomelewa, kwa hiyo fundi anayemaliza kona moja kabisa kabla ya kwenda nyingine hupata fremu iliyopinda. Shikiza kwanza kona zote kwa nukta ndogo za kuchomelea, pima mishazari miwili, na usiendelee mpaka ilingane. Kisha chomelea kidogo kidogo, ukihama kutoka kona moja hadi ile inayoikabili, na kuacha chuma kipoe kati ya zamu na zamu. Weka mihimili miwili ya kukatiza moja kwa moja chini ya nyayo za mashine, ili mzigo ushuke kwenye chuma badala ya kwenye ubao wa juu wa meza. Nyuma na pande zote mbili chomelea vyuma vya mshazari, kwa sababu bila hivyo meza itayumba kila mara unapokereza kipande kisicho na mizani. Rafu ya chini ibebe mifuko ya mchanga, nayo itapunguza mtetemo. Kila mguu upate bolti ya kurekebisha yenye kipenyo cha milimita 16, kwani ni nadra kukuta sakafu ya simenti iliyo sawasawa kabisa.

Sasa weka mashine juu bila kukaza chochote. Chunguza kila unyayo: palipo na mwanya, jaza kwa vipande vya bati jembamba. Ubavu wa kopo la soda una unene wa takriban milimita 0.1 na unafaa sana. Kaza bolti kwa zamu, polepole. Pimamaji ya mwashi haioni tofauti ndogo kama hizi. Ukiweza kuazima ya mafundi wa mashine, inayosoma milimita 0.02 kwa mita, iweke kwa kukingama juu ya kitanda karibu na kishikio, kisha upande wa mkia, yaani ncha ya kitanda iliyo mbali na kishikio. Si lazima meza iwe sawa kabisa na ardhi. Linalotakiwa ni vipimo viwili vikubaliane.

Hakikisho la mwisho hutoka kwenye chuma chenyewe. Funga kipande chenye kipenyo cha milimita 25 kikitokeza sentimita 12 bila kushikizwa mkiani, kikereze kwa mkato mwepesi karibu na taya na karibu na ncha, halafu pima kwa mikromita, chombo cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa. Ncha ikiwa nene zaidi, inua kidogo unyayo wa mbele wa upande wa mkia. Ikiwa nyembamba, ushushe.

Kwa kuwa umeme wetu hukatika na kurudi bila taarifa, tumia swichi isiyojiwasha yenyewe umeme unaporudi, na uifunge mbele ya meza mahali ambapo mkono unaifikia bila kupita juu ya kishikio kinachozunguka. Rudia jaribio la mikromita baada ya wiki ya kwanza ya kazi, na tena kila mvua zinapoanza.