Kompyuta ya Linux inaanguka ovyo? Pima RAM kabla ya kupiga mfumo upya

Nimetoka kumsaidia mwenye duka Kariakoo ambaye mashine yake ilikuwa ikiganda na kujiwasha yenyewe. Alikuwa ameshapigiwa mfumo upya, tatizo likabaki palepale. Njia ninayoifuata ni hii.

1. Soma ujumbe wa kerneli (kiini cha Linux) wa kabla ya kuzimika: `journalctl -k -b -1`. Mara nyingi mashine hufa kabla ya kuandika chochote kwenye diski, kwa hiyo mwambie mtumiaji apige picha skrini kwa simu.

2. Linganisha matukio kadhaa. Kerneli ikiangukia sehemu ileile ya programu kila mara, shuku draiva (programu inayoendesha kifaa). Ikiwa leo ni mfumo wa faili, kesho mtandao, shuku kifaa chenyewe, kama RAM. Ukiona "Machine Check", hapo prosesa yenyewe inaripoti hitilafu.

3. Pima RAM kwa Memtest86+, programu inayowaka yenyewe kutoka kwenye flashi bila Linux. Programu za kupima ndani ya Linux sizitaki, kwa sababu hazifikii sehemu ambayo kerneli imeikalia. Kwanza zima XMP (mpangilio unaoongeza kasi ya RAM) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka. RAM iliyoongezewa kasi inaweza kutoa makosa ingawa yenyewe ni nzima. Acha ipime usiku kucha, na mashine iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika unaanza upya. Kosa moja tu linatosha. Usijifariji kwamba ni machache. Lakini usikimbilie dukani. Chomoa RAM zote, pima moja moja katika sloti ileile, kisha ile mbovu ihamishie sloti nyingine. Kosa likiifuata, RAM imekufa. Likibaki kwenye sloti, tatizo ni sloti, mazabodi au prosesa. Likipotea kabisa, huenda pini zilikuwa chafu. Dar hewa ina chumvi na unyevu, hasa Kigamboni na Msasani, na pini hushika kutu. Wengi husugua kwa raba. Mimi siipendi, inakwangua dhahabu. Tumia kitambaa laini na spiriti ya aisopropili, uache ikauke. Baada ya hapo pima tena usiku mzima kabla ya kumrudishia mwenyewe.

4. RAM ikiwa safi, angalia joto kwa `sensors`, diski kwa `smartctl -a` ikifuatiwa na jina la diski, na ufute vumbi kwenye feni.

5. Mwisho powasaplai. Siiamini mita, kwa kuwa haionyeshi umeme unaposhuka kwa sehemu ndogo ya sekunde mzigo ukipanda. Azima powasaplai isiyo na hitilafu, ifunge, mashine ifanye kazi zake za kawaida siku kadhaa.