Mchoro wa mfarishi wa viraka: pa kuutazamia Kigoma

Anayeshona mfarishi wa viraka, yaani shuka nene la kujifunika lililoungwa kwa vipande vya nguo, akikwama, mara nyingi ni kwa sababu ametanguliza vitambaa. Amekusanya mfuko wa mabaki kutoka kwa mafundi cherehani wa sokoni, anaumwaga chini, anapanga na kupangua, na kila kitenge kinataka kionekane peke yake. Kitenge tayari kina mchoro wa mtu mwingine. Ukianzia hapo utagombana na mchoro huo mpaka mwisho. Anza na kitu unachokiona kwa macho: mwalo wa wavuvi, mkeka, reli, jani la mchikichi. Toa mistari yake, pima giza lake na mwanga wake, ndipo ufungue mfuko.

Vifaa vya kutazamia ni vichache. Kata kipande cha boksi, katikati utoboe dirisha la mraba la inchi 4 kwa inchi 4. Chukua daftari la hesabu lenye viboksi, penseli na simu. Shika dirisha mbali kadiri mkono unavyofika, funga jicho moja, ulisogeze taratibu mpaka ndani yake vibaki vitu vitatu au pungufu. Kisha jibu kwa maandishi: mistari inaelekea wapi, giza ni nusu au robo ya dirisha, na ni kitu gani kinajirudia. Piga picha ya sehemu hiyohiyo, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Picha isiyo na rangi inaonyesha ukweli: kama kila kitu kimekuwa kijivu kimoja, mahali hapo pana rangi nzuri lakini hapana mchoro. Sogea pengine.

Mwalo wa Kibirizi, ufuoni mwa Ziwa Tanganyika mjini Kigoma, unatosha kukupa mifarishi mitatu au minne. Mchana tazama dagaa walioanikwa. Ukiwa karibu unaona samaki. Ukirudi nyuma hatua kumi unaona ukanda mrefu wa rangi ya fedha, ukanda wa mchanga, ukanda wa fedha tena, na hakuna kanda mbili zenye upana sawa. Hiyo ndiyo siri ya kuiiga: changanya upana. Kata kanda za inchi 1 na nusu, 2 na nusu, na 3 na nusu (zikishonwa zitabaki inchi 1, 2 na 3, kwa kuwa kila upande unaliwa robo inchi na mshono). Dagaa wakikauka fedha hiyo hugeuka kuwa na umanjano na ukahawia, kwa hiyo usitumie kijivu kimoja. Panga vijivu viwili au vitatu, mwishoni uweke kimoja chenye udongo ndani yake.

Usiku mwalo huohuo ni mchoro mwingine kabisa. Nenda siku za giza. Mwezi mpevu ukiwaka, taa hazivuti dagaa vizuri, wavuvi hupumzika, na ziwa linakuwa tupu. Utaona eneo kubwa jeusi na nukta za taa, na nukta hizo hazipishani kwa umbali sawa: hapa nne zimekusanyana, pale moja imejitenga, kisha pengo refu. Wengi huharibu wazo hili kwa kuweka taa moja katikati ya kila mraba, na mfarishi unakuwa kama sare ya shule. Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6 unahitaji miraba 30 ya inchi 12, mitano kwa sita. Weka taa kwenye miraba kama 12 tu, mingine iache giza tupu. Kiraka cha taa kiwe kidogo: shona viraka vinne vilivyokatwa inchi 2 kwa 2, kimoja cha njano na vitatu vya giza, upate kiraka kimoja cha inchi 3. Chini ya baadhi ya taa weka ukanda mwembamba wa dhahabu iliyofifia, uliokatwa inchi 1 na nusu, kwa sababu mwanga juu ya maji hujivuta kumfuata mtazamaji. Na giza lenyewe lisiwe kitambaa kimoja. Changanya kaniki (kitambaa cha pamba cheusi kisicho na maua), bluu iliyokolea na zambarau nzito. Giza la kitambaa kimoja linaonekana kama tundu.

Michikichi inafaa kwa anayetaka kujifunza pembetatu. Jani lake lina uti katikati na vijani vinavyopanda kushoto na kulia, yaani herufi V juu ya V. Gawa mraba wa inchi 12 katika viraka 16 vya inchi 3, vinne kwa vinne, kila kiraka kikiwa nusu kijani cha giza na nusu kijani chepesi. Huhitaji kukata pembetatu kwanza. Kata miraba ya inchi 4, minane ya giza na minane ya mwanga. Weka wa mwanga juu ya wa giza, piga mstari wa penseli kona kwa kona, shona robo inchi upande huu wa mstari na robo inchi upande ule, kisha kata juu ya mstari. Kila jozi inatoa viraka viwili. Vipunguze viwe inchi 3 na nusu kamili. Ukilaza viraka viwili kando kwa kando, ulalo ukitazamana, umepata V. Panga nne kwenda juu, umepata jani, na mraba mmoja unabeba majani mawili.

Kata baada ya kushona, si kabla. Ukingo wa ulalo hunyumbuka. Ukiushika mara tatu tu mkononi pembetatu imeshatanuka, na mraba hautalala bapa. Ukipiga pasi, bonyeza na kunyanyua, usiburute.

Rangi za michikichi tafuta kwenye mkungu wenyewe: tunda moja lina weusi kichwani, likishuka linakuwa wekundu, kisha rangi ya mawese. Ukiweka rangi hizo tatu katika pindo la inchi 4 kuzunguka kijani chote, kazi inakamilika bila kuongeza kitu.

Mkeka una fundisho ambalo watu hupita bila kuliona. Mkeka wenyewe ni kazi ya vipande: ukili mrefu mwembamba husukwa kwanza, ndipo huunganishwa ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo usiuige kwa miraba. Tengeneza kanda 30 za upana wa inchi 2 na nusu na urefu wa inchi 72 na nusu, kila ukanda ukiwa umeungwa kwa vipande vya rangi mbili vinavyopokezana, na ukanda unaofuata uanze nusu kipande mbele. Usipousogeza hivyo utapata ubao wa drafti, si mkeka. Ukishona kanda ndefu, geuza mwelekeo: ukanda wa kwanza shona kutoka juu, wa pili kutoka chini. Zote zikishonwa kutoka upande mmoja, mfarishi hupinda kama upinde.

Reli ndiyo rahisi kuliko yote na inafaa kwa siku ya kwanza: kanda tatu za inchi 2 na nusu kwa 6 na nusu zinatoa mraba wa inchi 6. Mmoja uweke umesimama, unaofuata umelala, na mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, yametokea.

MV Liemba ina jambo lake pia. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa na kuletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Bati zake zimeshikwa kwa safu za ribiti, yaani misumari minene ya chuma. Safu hizo ni wazo zuri la mshono wa kushikiza matabaka matatu ya mfarishi (uso wa viraka, tabaka la katikati na mgongo), ule unaopita juu ya kazi yote: mistari miwili sambamba, nusu inchi kati yake, kila baada ya inchi 3 au 4. Kwa joto la Kigoma tabaka la katikati liwe shuka kuukuu la pamba. Blanketi zito litafanya mfarishi ubaki kabatini.

Sasa fungua mfuko. Chora mraba mmoja kwenye daftari, kiboksi kimoja ni inchi moja, na utie kivuli kwa penseli katika ngazi tatu tu: giza, kati, mwanga. Gawa vitambaa katika mafungu hayohayo matatu, ukifinya macho ili usidanganywe na rangi. Vitenge vingi vitaangukia fungu la kati, na hapo ndipo kazi nyingi hufifia. Dawa yake ni vitambaa visivyo na maua: merikani (pamba nyeupe isiyotiwa rangi) kwa mwanga na kaniki kwa giza. Vitambaa hivi viwili vilifika Ujiji na misafara karne ya 19, vikatumika kama fedha, na mpaka leo hakuna jozi inayotenganisha mchoro vizuri zaidi. Walau theluthi moja ya viraka visiwe na mchoro wowote. Kitenge chenye maua makubwa usikikate inchi 3. Ua linapotea, inabaki michirizi. Kiweke kwenye pindo au mgongoni.

Kabla ya kukata, fua kila kitu. Kitenge kipya kina wanga na hunywea kikifuliwa, na nyekundu pamoja na bluu nzito huchuja. Fua peke yake mpaka maji yatoke safi, la sivyo merikani yako itageuka waridi. Kagua pia kama ni pamba: choma uzi mmoja. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Usizichanganye katika mraba mmoja, kwani pamba hustahimili pasi ya mkaa na poliesta hunata.

Shona miraba minne tu kwanza. Ipime: kila mmoja uwe inchi 12 na nusu, ile nusu ikiwa ya mshono. Ukipungua hata robo inchi, katika miraba mitano kwa upana umepoteza inchi 1 na robo, na viungo havitakutana. Itundike ukutani, rudi nyuma mita 3, ipige picha nyeusi na nyeupe, kisha igeuze juu chini. Kama jicho linakimbilia kiraka kimoja kila mara, kiraka hicho ni cheupe mno au kimezungukwa na giza mno. Kibadilishe kabla ya kukata 26 iliyobaki.