Kabla hujampaka mbwa mzee chochote

Mbwa wangu, Simba, ana miaka 12. Masika yaliyopita manyoya yalianza kumtoka kiunoni hadi shina la mkia, ngozi ikawa nyekundu. Jirani akasema, "Mama, mpake oili chafu ya gari, atapona." Nikampaka. Usiku kucha akajilamba, asubuhi akatapika mara tatu. Oili ile ni sumu, na kila unachompaka mbwa huishia tumboni. Wala usimwogeshe dawa ya ng'ombe kwa kukisia kipimo.

Anza kwa kumkagua. Mlaze penye mwanga, yapanue manyoya karibu na mkia. Ukiona vipunje vyeusi kama pilipili manga, vidondoshe kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Vikichuja wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Kwa Simba sikuona kiroboto hata mmoja, ila vipunje vilijaa tele. Mbwa mwenye mzio wa kuumwa na viroboto, wachache tu wanamtosha.

Manyoya yakitoka kwenye kingo za masikio na viwiko, naye hatulii kwa kujikuna, huenda ni upele wa utitiri. Huo hurukia hata watu, basi watoto nao wakianza kuwashwa, mwambie daktari wa mifugo. Mwombe akwangue ngozi na kuitazama kwa hadubini. Usikubali sindano ya kubahatisha.

Kinachonitia hofu zaidi kwa mbwa mzee ni manyoya kutoka ubavu huu na huu sawasawa, bila muwasho. Akinenepa na kushinda amelala, tezi ya shingoni huenda imelegea. Akinywa maji kupita kiasi, akikojoa ovyo na tumbo kuning'inia, huenda tatizo ni tezi zilizo juu ya figo. Hapo shampuu haina kazi, apimwe damu.

Simba nilimpima uzito kwanza (nilimbeba, nikapanda naye mizani, kisha nikatoa kilo zangu), maana dawa ya viroboto hutolewa kwa kilo. Paka wetu nilimtenga: dawa nyingine za viroboto zina pemetrini (permethrin), kemikali ya kuua wadudu, nayo huua paka. Magunia anayolalia niliyachemsha na kuyaanika juani, kwa sababu mayai na viluwiluwi hujificha huko. Daktari alinipa shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu vya ngozi. Povu likae dakika 10, kisha suuza hadi maji yatoke safi bila povu.

Wiki ya sita manyoya yakaanza kurudi. Yameota na mvi.